Stempu za Elfu Moja

Umande wa shamba la miwa haukauki upesi. Zilpah alikuwa amelowa kuanzia kifuani hadi nyayoni, na majani yalikuwa yamemchora mikononi michirizi myembamba iliyowasha kila jasho lilipopita juu yake. Alikuwa akipalilia kipande cha mtu. Chake mwenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba, nacho kimejaa miwa mpaka ukutani, hata ukifungua dirisha la jikoni jani linaingia kuchungulia mnapika nini.

Hiyo ndiyo miaka ambayo Kakamega nzima iliambiwa kwamba utajiri umeota ardhini. Matrela ya miwa yalipita mchana kutwa yakimwaga vipande barabarani, na kila mwenye shamba aling'oa mahindi, aling'oa maharagwe, aling'oa hata migomba aliyoachiwa na babake, akapanda miwa. Halafu wote wakaanza kununua unga dukani kwa wakati mmoja, na unga ukapanda bei. Sukari nayo, iliyotoka kwenye miwa yao wenyewe, ilirudi kwao ndani ya pakiti, na wengi wakazoea kuitazama tu rafuni.

"Mama Jescah, leo unaparilia kama mtu anafukuzwa," alisema Pascalia, jirani yake, aliyekuwa mstari wa pili.

"Nafukuzwa na baraza, dada. Si leo ndiyo wanasoma jina la Jescah?"

"Na wasome basi. Mtoto amewaangusha wavulana wote wa hii shule. Wakikataa huyo, watachukua nani?"

Zilpah alicheka tu, akainama tena juu ya jembe.

Pale kwao palikuwa na mfuko wa elimu wa wakulima wa miwa. Kila tani ilipopimwa, kitu kidogo kilikatwa kabla mkulima hajasikia hata harufu ya pesa, na kila mwanzo wa mwaka kamati ilichagua mtoto mmoja, mwenye akili na asiyejiweza, akalipiwa mpaka kidato cha nne. Mtoto mmoja tu. Zilpah alikuwa amekatwa mwaka baada ya mwaka kusomesha watoto wa watu, na hakunung'unika, kwa sababu alijua zamu yake inakuja. Sasa Jescah ameitwa shule ya wasichana kule Mukumu. Sanduku la bati limekwisha kununuliwa, ingawa ndani yake kuna sabuni moja na sahani moja. Mwalimu Osundwa, mwalimu mkuu ambaye pia ndiye mweka hazina wa mfuko, alikuwa amemwambia kwa kinywa chake, "Jina lake liko juu kabisa, mama. Wewe shona tu sketi."

Alimaliza kipande alichopangiwa mapema, akachukua shilingi zake ishirini kwa msimamizi, akapitia dukani kwa Andati kununua mahindi na kuyasaga.

Andati alikuwa na duka na kinu cha kusagia chini ya paa moja. Ndiye pia aliyekuwa na ufunguo wa sanduku la posta kule mjini. Kila mara alipokwenda Kakamega kwa baiskeli kuchukua bidhaa, alirudi na barua za kijiji kizima, akazibana kwa vibanio vya nguo kwenye waya uliopita juu ya kaunta. Mwenye barua alikuja mwenyewe kuichukua. Kabla hajaja, watu wengine walikuwa wameshaisoma kwa nje: mwandiko wa nani, muhuri wa wapi, bahasha nene au nyembamba. Kwa njia hiyo kijiji kilijua habari zake chenyewe bila redio.

Kulikuwa na mwiko mmoja tu. Barua haikufunguliwa dukani. Miaka mingi nyuma mtu aliifungua yake pale pale kaunta, ikawa ni ya kifo cha kaka yake, na kabla mwezi haujaisha watu wengine wawili waliokuwa wamesimama karibu naye wakapata misiba yao. Tangu siku hiyo, ukipewa barua unaitia kifuani na kwenda nayo nyumbani, hata kama imekuunguza. Laiti Zilpah angeuvunja mwiko huo siku ile! Lakini nani angemwambia?

Alipofika alikuta watu wamesimama chini ya waya, wameinua nyuso. Walipomwona walimpisha.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Njoo uone mambo ya bwana yako," alisema Andati. "Shemeji, kumbe unatuficha!"

Bahasha yenyewe ilikuwa ya karatasi ya kahawia, nyembamba, ya kukunjwa kwa mkono. Mwandiko ulikuwa wa Were, mumewe, ule wa herufi zilizolala upande mmoja. Kilichowasimamisha watu ni stempu. Zilikuwa tatu, kila moja na picha ya korongo mwenye taji, na kila moja ilikuwa imechapwa bei yake ya zamani chini pembeni, shilingi tano, kisha ile bei ikafutwa kwa mstari mweusi na juu yake ikapigwa namba mpya. Mia nne. Mia nne. Mia mbili.

"Elfu moja," alisema Andati polepole, kana kwamba anasoma Maandiko. "Elfu moja, shilingi za Uganda, kwa stempu peke yake."

Zilpah alishika kaunta. Yeye barua yake ya mwisho kwenda Jinja, Uganda, aliko mumewe, aliituma kwa pesa za kibiriti na chumvi. Elfu moja! Were alipokuwa hapa kiwandani, fundi wa boila aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala, mshahara wake wa mwezi haukufika elfu moja. Leo anazilamba kwa ulimi na kuzibandika kwenye karatasi! Alishtuka kwanza. Kisha akakasirika, hasira ya kweli iliyomjaa mdomoni, kwa maana miezi mitano sasa hajaona hata senti kutoka kwa mtu huyo. Na wakati huo huo, watu wote wakimtazama kwa macho yale ambayo hawajawahi kumtazama nayo, alisikia fahari inampanda mgongoni na kumnyoosha.

Hata hivyo si yeye wa kwanza kudanganywa na namba. Were mwenyewe ndivyo alivyoondoka. Alikuja mtu mmoja na habari kwamba Uganda wanafufua kiwanda cha sukari kilichokufa wakati wa vita, wanatafuta mafundi, wanalipa elfu sita kwa mwezi. Elfu sita! Kijiji kizima kilimsindikiza mpaka barabarani, wengine wakimshika mkono mara mbili. Hakuna aliyeuliza hizo elfu sita zinanunua nini.

"Mtu akilipa elfu moja kutuma karatasi," alisema mzee mmoja mwenye gunia la mahindi, "ndani ya hiyo karatasi ataweka nini?"

"Mama Jescah, sasa wewe utakuwanga bado unaparilia miwa ya watu?" aliuliza mama mwingine, na kicheko chake kilikuwa na ukali kidogo.

Zilpah angeweza kusema, "Sijui, ngoja nisome." Angeweza kunyamaza. Lakini mtu aliyedharauliwa miezi mitano akipewa nafasi ya kuheshimiwa kwa dakika moja huipokea kwa mikono miwili. Alitoa kibanio, akaitia bahasha kifuani, akasema, "Baba Jescah hajatusahau. Hiyo ni barua tu, mzigo wenyewe uko njiani."

Maneno hayo aliyatunga pale pale, hata mwenyewe akashangaa yalivyotoka laini.

Andati alimtazama kitambo. Kisha akamwachia mkewe kinu, akatoa baiskeli uani, akaondoka upande wa ofisi ya naibu chifu. Zilpah alimwona, wala hakuwaza lolote. Alikuwa anangoja unga wake.

Nyumbani Jescah alikuwa amepiga pasi sketi aliyoazimwa, pasi ya makaa, na moshi bado umejaa chumbani. Alikuwa msichana mrefu, mpole wa maneno na mkali wa hesabu. Alipoona bahasha alipiga kelele.

"Mama! Elfu moja?"

"Fungua, usome. Polepole, nisikie vizuri."

Zilpah alijua kusoma, ila mwandiko wa mumewe ulimchosha. Alikaa kwenye kigoda, akapakata unga wake kwenye mapaja, akajiandaa kusikia habari njema. Jescah alifungua bahasha kwa kisu ili asichane korongo. Hakukuwa na noti ndani. Kulikuwa na karatasi moja, imeandikwa pande zote mbili mpaka pembeni.

"'Mama Jescah, pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima. Usishtuke kwa stempu hizi,'" alisoma Jescah. "'Huku pesa imeugua. Nilipofika, elfu sita ilinunua shuka na sabuni na chakula. Sasa wametuongeza mpaka elfu kumi na mbili na hata shuka hainunui. Siku ya mshahara tunakimbia sokoni asubuhi, kwa maana jioni bei ni nyingine. Kiwanda bado hakijawaka. Boila ina kutu na vipuri hakuna. Tunalala ghalani.'"

Sauti ya Jescah ilikuwa imeshuka. Alimtazama mama yake.

"Endelea," alisema Zilpah.

"'Nilikuwa nimekuandikia barua mwezi jana, lakini nilipofika posta stempu zilikuwa zimepanda, nikarudi nayo. Nikatafuta tena pesa, nikakuta zimepanda tena. Karani anasema hawana karatasi ya kuchapa stempu mpya, kwa hiyo wanapiga namba kubwa juu ya zile za zamani. Ili kupata hizi nimeuza shati langu la kanisani, lile la mikono mirefu. Chai nakunywa bila sukari, mimi fundi wa sukari. Nikipata nauli ya kufika Busia nitarudi. Mwambie Jescah nimefurahi sana na asome kwa bidii. Tafadhali usimwambie mtu habari hizi. Nitachekwa.'"

Kuku mmoja aliingia ndani akaanza kudonoa unga uliomwagika, na hakuna aliyemfukuza. Lile shati Zilpah alilinunua mwenyewe, kwa pesa za miwa ya kwanza. Alikuwa akilifua peke yake, halichanganyi na nguo nyingine. Alimwona Were amesimama mbele ya mama wa soko fulani asiyemjua, anavua shati, anangoja kuambiwa bei. Akajiona na yeye amesimama pale dukani, shingo imenyooka, anasema mzigo uko njiani. Alitamani ardhi ipasuke.

"Khane, kumbe ndivyo ilivyo," alisema mwishowe. "Khane hii elfu ni bure."

"Mama, usilie. Baraza litaanza."

"Silii. Ni moshi wa pasi yako. Leta kitambaa changu."

Alikunja barua, akairudisha ndani ya bahasha, akaitia kifuani tena. Njiani alijipa moyo. Mambo ya Were yatabaki mambo ya Were. Jina la Jescah liko juu kabisa, Mwalimu amesema.

Baraza lilifanyika mbele ya ofisi ya naibu chifu, watu wamekaa kwenye nyasi na wachache kwenye mabenchi ya shule. Naibu chifu, Bwana Sifuna, alikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa, chupa ya soda, na kofia yake imewekwa mbele ili kila mtu aione. Kando yake alikaa Mwalimu Osundwa na daftari la mfuko. Andati alikuwa kwenye benchi la mbele, miguu ameikunja vizuri.

Sifuna alizungumza kwanza juu ya mitaro, kisha juu ya watoto wanaovuta miwa kwenye matrela yakienda, kisha juu ya paa la ofisi mpya, ambalo kila nyumba lazima ilichangie. Zilpah hakusikia hata nusu. Alikuwa amemshika Jescah mkono.

"Sasa mfuko," alisema Sifuna. "Kamati ilikuwa na jina. Lakini serikali si mawe, serikali inasikia. Leo mchana tumepata habari mpya, tukakaa tena. Mtoto wa mwaka huu ni Rosebella, binti ya Andati."

Kwa muda mfupi Zilpah alifikiri amesikia vibaya. Alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama daftari.

"Andati si ana kinu!" Pascalia alipaza sauti kutoka nyuma.

"Kinu kimekatika mkanda," alisema Sifuna. "Mzee hana kipato tena. Lazima tusaidie."

"Mkanda upi? Mimi nimesaga pale leo nikitoka shambani!"

"Kimekatika baada ya hapo."

Watu walicheka, hata baadhi ya wale waliochukia. Andati aliinama akafuta vumbi kwenye kiatu. Zilpah aliinuka bila kujua ameinuka.

"Bwana Chifu, niruhusu. Jescah amekosa nini?"

"Hajakosa, mama. Amebarikiwa. Mfuko ni wa wasiojiweza, na nyinyi Mungu amewafungulia mlango. Bwana yako anatuma barua kwa stempu ya elfu moja. Na wewe mwenyewe umetangaza dukani kwamba mzigo uko njiani. Umesema au hukusema?"

Zilpah alitazama nyuma. Watu waliokuwa dukani walikuwa hapa hapa, wote, wanamtazama.

"Nilisema," alijibu. "Nilisema tu kwa mdomo. Sikuwa nimesoma barua."

"Basi. Na kwa kuwa mmejaliwa, kamati imewaandikia mchango wa paa. Wengine ni shilingi ishirini. Nyumba ya Were ni elfu moja. Mtu anayeibandika kwenye karatasi hawezi kushindwa kuitoa kwa ajili ya maendeleo."

Yaye! Kila mtu alivuta pumzi. Ilikuwa kama mtu amemwagiwa maji ya baridi usingizini. Zilpah alitoa bahasha kifuani. Maneno ya mumewe yalikuwa masikioni mwake, usimwambie mtu, nitachekwa. Alimtazama binti yake, sketi ya kuazima, macho yamejaa. Kati ya aibu ya Were na shule ya Jescah alichagua upesi.

"Jescah, simama. Wasomee."

"Mama, Baba amesema..."

"Nimesikia alivyosema. Soma yote."

Jescah alisoma. Alianza kwa sauti ndogo, wa nyuma wakapiga kelele hawasikii, ikabidi aipandishe. Alisoma pesa iliyougua, alisoma ghala, alisoma boila yenye kutu. Alipofika kwenye shati la kanisani kijana mmoja alicheka, mwenzake akamfuata, na mzee mmoja akasema, "Hata shati?" Jescah aliendelea kusoma mpaka mwisho, mpaka kwenye lile neno la kuchekwa. Hapo kicheko kilikoma chenyewe.

Sifuna alinyoosha mkono akapewa barua, imerudishwa ndani ya bahasha. Hakuisoma. Aliishika bahasha tu, akageuza upande wa stempu.

"Mama, barua mtu yeyote anaweza kuandika," alisema kwa upole wa kumfundisha mtoto. "Mimi naweza kuandika leo kwamba ninalala njaa. Lakini stempu haiandikwi na Were. Stempu inaandikwa na serikali. Hapa serikali ya Uganda imeandika mia nne, mia nne, mia mbili. Unataka mimi niseme mbele ya watu kwamba serikali ni mwongo?"

"Mwalimu!" Zilpah aligeuka. "Wewe unasomanga magazeti. Waambie pesa ya Uganda ikoje. Waambie hiyo elfu hapa haifiki hata hizi ishirini zangu."

Mwalimu Osundwa alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa. Alikuwa anajua. Kila mtu aliona kwamba anajua.

"Nimesikia kwamba imeshuka," alisema. "Lakini imeshuka kiasi gani, siwezi kusema hapa. Mimi kazi yangu ni kuandika kile kamati imekubali."

"Jina lilikuwa juu kabisa, Mwalimu. Uliniambia nishone sketi."

Mwalimu alifungua ukurasa mwingine wa daftari. Sifuna alirudisha bahasha, akaisukuma mpaka ukingoni mwa meza.

"Tusipoteze muda. Elfu moja ni elfu moja, mama. Utalipa lini?"

Ni wakati huo ambapo Zilpah aliacha kusihi. Hasira ilimtoka kichwani ikashuka mikononi, ikawa kazi. Aliichukua bahasha, akaitoa barua akampa Jescah, kisha akaichana bahasha kwa uangalifu, pembe yote yenye stempu, akakiweka kile kipande juu ya kitambaa cha meza, mbele ya kofia.

"Nalipa sasa," alisema. "Mia nne, mia nne, mia mbili. Hesabu. Halafu Mwalimu aniandikie risiti."

Kwa mbali trela la miwa lilikuwa linapanda mlima, injini inalia.

"Hizo zimepigwa muhuri," alisema Sifuna. "Zimeshatumika. Hazina thamani."

"Kama hazina thamani, basi mimi ni maskini, na umrudishe mtoto wangu kwenye daftari. Kama zina thamani, nimelipa paa lako. Chagua moja, Bwana Chifu. Mimi nangoja."

Pascalia alipiga makofi mara moja, akajiona peke yake, akaacha. Sifuna alimtazama Zilpah, akatazama stempu, akainywa soda yake iliyobaki bila haraka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini kofia ilikuwa yake, na meza, na daftari.

"Mwalimu, andika," alisema. "Nyumba ya Were. Elfu moja. Bado haijalipwa. Nani mwingine ana neno?"

Mwalimu aliandika. Watu walianza kujipangusa nyasi na kuulizana habari za mvua kwa sauti za juu kuliko ilivyohitajika. Wawili watatu walimpita Zilpah wakamgusa bega, na mmoja akasema, "Pole, Mama Jescah, umesema vizuri," akaenda zake kwa haraka. Zilpah alisimama mpaka meza ikaanza kuondolewa. Alimwona Sifuna akiokota kile kipande cha bahasha, akikiinua kwenye mwanga kuwaangalia wale korongo, akikitia ndani ya mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Mtoto wangu anakusanyanga hizi," alimwambia Mwalimu.

Walirudi nyumbani kwa njia ya katikati ya miwa, mama mbele, binti nyuma. Jescah hakulia njiani. Alilia alipofika, alipoliona lile sanduku la bati, na alilia bila sauti, huku akitoa sabuni, akitoa sahani, akiirudisha sahani pamoja na nyingine. Sketi aliikunja kumpelekea mwenyewe. Zilpah alisonga obusuma, ule ugali wao, akachemsha mboga, wakala.

Jua lilikuwa halijazama. Jescah aliosha mikono, akachana karatasi katikati ya daftari lake la zamani la hesabu, akachukua kalamu.

"Tumjibu Baba," alisema. "Nimwambie nini? Nimwambie kuhusu shule?"

"Usimwambie shule. Ana mzigo wake."

"Nimwambie tumesoma barua kwa baraza?"

Zilpah alitikisa kichwa. Kupitia dirisha la jikoni miwa yao ilikuwa imesimama kimya, mirefu, karibu kukomaa, inangoja gari la watu wengine. Alifikiri juu ya waya wa Andati, na vibanio, na barua nyingine itakayokuja mwezi ujao, au ule unaofuata, ikiwa na namba kubwa zaidi. Elfu mbili labda. Elfu tano. Na Were amebakiwa na shati gani la kuuza?

"Mwambie tumepata barua na tumefurahi," alisema. "Halafu mwambie asituandikie tena."

Jescah aliinua uso.

"Asiandike kabisa, Mama?"

"Kabisa. Akipata nauli aje. Asipopata, tutajua yuko hai kwa sababu hatujasikia msiba." Alimsogezea kigoda karibu na dirisha. "Andika, mukhana wanje, mwanangu. Andika kabla giza halijaingia."

Jescah aliandika. Ilikuwa barua fupi. Alipomaliza, Zilpah alifungua fundo la kanga, akatoa zilizobaki za shilingi ishirini zake za asubuhi, akamtengea binti yake za stempu. Kisha akachukua jembe la pili lililokuwa nyuma ya mlango, la Were, akalipima mpini kwa urefu wa Jescah, akaona litamfaa.